Orodha ya Visima: Singida, Kondoa na Swali la Taarifa za Nodi

Msafiri wa karne ya 19 aliyetoka Bagamoyo kwenda Unyanyembe, akishamaliza kuvuka Ugogo, alikuwa na jambo moja la kuliogopa kuliko mengine: nyika iliyoitwa Mgunda Mkali. Nyika hiyo ilianza magharibi ya Ugogo na kuendelea hadi karibu na Tura, mlangoni mwa Unyamwezi. Sehemu yake kubwa leo imo Manyoni na Itigi, mkoani Singida. Burton na Speke waliivuka mwaka 1857. Stanley akaivuka mwaka 1871. Hao waliandika vitabu. Waliowavusha, hata hivyo, ni wapagazi na viongozi wa misafara, wengi wao Wanyamwezi, waliojua kwa kichwa kisima kipi huwa na maji na mwezi gani, mwendo wa kufika Jiwe la Mkoa ni wa muda gani, na nani wa kulipwa hongo kabla ya kuteka.

Misafara miwili ilipokutana njiani, mmoja ukienda bara na mwingine ukishuka pwani, watu walipeana habari: kisima fulani kimekauka, mtemi fulani amepandisha hongo, mahali fulani pana vita. Habari hizo hazikuwa mali ya msafara mmoja. Aliyewaficha wenzake leo alijua kwamba mwezi ujao yeye ndiye atakayerudi na kiu kwa njia ileile. Orodha ya visima iliishi vichwani mwa wengi, na kwa sababu hiyo haikufa alipokufa kiongozi mmoja.

Ndugu msomaji, nimeanza na visima kwa sababu nataka kuzungumzia jambo ambalo wengi hulipuuza wakidhani ni la mafundi peke yao: namna mitandao ya jumuiya isiyotumia waya inavyopeana taarifa za nodi zake. Hoja yangu ni kwamba jambo hili ni la kisiasa tangu mwanzo, na kwamba historia ya Singida inatupa sababu za kutosha za kulichukulia hivyo.

Tuelewane juu ya maneno

Nisemapo mitandao ya jumuiya sikusudii ile tunayoiita mitandao ya kijamii, ambako watu huweka picha na kugombana usiku kucha. Nakusudia mitambo yenyewe ya mawasiliano ambayo wananchi wa mahali fulani wameijenga, wanaimiliki na wanaiendesha wao: ruta na antena juu ya paa la shule, nyingine kwenye zahanati, nyingine kwenye mnara wa msikiti au wa kanisa, zikirushiana mawimbi hadi kijiji kizima kimeunganishwa. Kila kituo kimoja cha namna hiyo ndicho kinachoitwa nodi.

Taarifa za nodi, basi, ni wasifu wa kituo hicho. Kinaitwaje? Kiko wapi, kwa latitudo na longitudo? Mlingoti wake una urefu gani na antena inatazama upande upi? Kinatumia chaneli gani ya masafa na anwani zipi za intaneti? Kimeungana na vituo gani? Kwa saa hii ki hai au kimezimika, na kikizimika nani apigiwe?

Mtandao mmoja wenye nodi 5 unaweza kuyaweka yote hayo kwenye daftari la fundi. Taabu huanza pale mitandao miwili inapokuwa majirani. Ikiwa hakuna anayejua mwenzake anatumia chaneli gani, antena zao hupigiana kelele, na wananchi wa pande zote mbili huona intaneti ikijikokota bila kujua sababu. Siku wakiamua kuungana, hugundua kwamba kila upande uliipa ruta yake kuu anwani ileile, kwa kuwa wote wamechota katika fungu moja la anwani za ndani zinazoanza na 10, ambalo kila mtu duniani anaruhusiwa kulitumia. Kwa anwani zilizogongana, ujumbe haujui uende nyumba ipi. Na nodi ya katikati ikikatika, kunaweza kuwa na njia nyingine ya kupitia kwa jirani, lakini hakuna aijuaye.

Mitandao iliyopita njia

Singida ni mkoa uliopitiwa na mitandao mingi. Baada ya misafara ya wapagazi, Wajerumani walipitisha simu yao ya waya kuelekea Tabora katika ukanda huohuo, kabla ya kuwako reli. Kilimatinde ikawa na boma lao. Kisha ikaja Reli ya Kati, iliyofika Tabora mwaka 1912 na Kigoma mwaka 1914. Reli ikapita kaskazini ya Kilimatinde, nayo Manyoni ndiyo iliyokua. Uamuzi wa wahandisi wachache juu ya mahali pa kuweka stesheni uliamua mji upi ustawi na upi ubaki na magofu ya boma.

Waingereza nao walijenga tawi la reli kutoka Manyoni kupitia Singida hadi Kinyangiri, katika nchi ambayo leo ni wilaya ya Mkalama. Tawi hilo lilijengwa katika miaka ya 1930. Katika miaka ya 1940, serikali ya kikoloni ikiona halina faida, likafungwa na reli ikang'olewa. Hebu tulitafakari hilo. Watu waliozoea kusikia treni waliamka wakakuta hakuna treni, na baadaye hata vyuma havipo. Hesabu za mzigo, orodha ya stesheni na hukumu ya faida na hasara zote zilikuwa kwenye madaftari yaliyofungwa mbali na Kinyangiri. Mkulima wa pale hakuwa na daftari lake la kujibia. Njia ya Manyoni hadi Singida ilikuja kujengwa upya baada ya uhuru, miongo mingi baadaye. Kinyangiri ikabaki bila reli.

Tukija kwenye zama zetu, nyaya za baharini za SEACOM na EASSy zilifika Dar es Salaam mwaka 2009 na 2010, na serikali ikaanza kutandaza Mkongo wa Taifa wa Mawasiliano, kwa sehemu ukitumia nyaya zilizokuwa tayari kwenye njia za umeme za TANESCO. Mkongo huo unapita Singida. Hata hivyo, mkongo kupita Singida mjini si sawa na mkongo kumfikia mwalimu wa Mgori, kama vile treni ya mwendo kupita kijijini si sawa na treni kusimama. Mfuko wa Mawasiliano kwa Wote, ulioanzishwa kwa sheria ya mwaka 2006, uliundwa kwa sababu hiyo hasa: soko peke yake halipeleki minara mahali penye wateja wachache na maskini.

Umeme una somo lake pia. Njia ya kilovolti 400 inayotoka Isinya nchini Kenya, kupitia Namanga na Arusha, inaishia Singida. Gridi za nchi mbili haziunganishwi kwa nyaya tu. Wahandisi wa pande zote mbili hawana budi kujua hali ya vituo vya wenzao: kipi kimezimwa kwa matengenezo, kipi kimeelemewa, kipi kinaweza kupokea mzigo zaidi. Asiyetoa taarifa za vituo vyake hawezi kuunganishwa kwa usalama. Hakuna anayeiita kanuni hiyo siasa za kijamaa, wala hakuna anayedhani kwamba kwa kupeana taarifa Tanzania imeiuza TANESCO kwa Kenya.

Wenzetu walifanyaje

Mitandao ya jumuiya ya siku hizi ilianza kushamiri mwanzoni mwa karne hii. Mwaka 2002 walianza watu wa Freifunk mjini Berlin na wale wa Athens Wireless Metropolitan Network nchini Ugiriki. Mwaka 2004 ukazaliwa guifi.net katika mashamba ya Catalonia, Hispania, kwa sababu makampuni ya simu hayakuona faida ya kupeleka huduma vijijini. Huo wa Catalonia ulikuja kuwa na nodi zaidi ya 30,000.

Wote hawa walikumbana na tatizo la orodha, na kila mmoja alilijibu kwa namna yake. Waathene walitengeneza programu iitwayo WiND, yaani hifadhidata ya nodi: mwenye kutaka kuungana alijiandikisha, akaonekana kwenye ramani, akagawiwa fungu lake la anwani lisilogongana na la mwenzake, kisha akatazama ni paa gani jirani linaloonekana kutoka kwake. Kwa guifi.net ramani ya nodi ndiyo iliyokuwa sebule ya mtandao. Kila aliyekuja alianzia pale. Njia hii ya daftari moja kuu ni nyepesi kueleweka, lakini ina udhaifu wa wazi: kompyuta inayolitunza ikianguka, au wanaoisimamia wakigombana, mtandao mzima hupoteza kumbukumbu.

Freifunk, ambao ni jumuiya nyingi za miji mbalimbali ya Ujerumani, kila moja ikijitawala, walielekea njia nyingine. Kila jumuiya hutunza faili lake fupi la maandishi mahali pake yenyewe, ikieleza jina lake, mji wake, ramani ya nodi zake iko wapi na nani wa kuwasiliana naye. Walichokubaliana ni mpangilio wa faili: vichwa vya habari ni vilevile kwa wote. Orodha ya pamoja hupita ikayakusanya mafaili hayo na kuchora ramani ya nchi nzima. Orodha hiyo ikifutika leo, kesho hukusanywa upya, kwa kuwa asili iko kwa wenyewe.

Tangu miaka hiyo ya mwanzo kulikuwa pia na mapatano mafupi yaitwayo Picopeering Agreement, yaliyoweka sharti la msingi: mwenye nodi aruhusu mawasiliano ya wengine kupita bila kuyachezea, na atangaze taarifa zinazohitajika ili mwingine aweze kuungana naye, pamoja na njia ya kumpata. Ukiyasoma unaona kwamba kutangaza taarifa na kupitisha ujumbe wa jirani yamewekwa pamoja kama haki na wajibu. Ndiyo desturi ya misafara yetu, ikiwa imeandikwa kwa lugha ya mafundi.

Afrika Mashariki na jirani yetu Kondoa

Huku kwetu nako hatujalala. Kaskazini mwa Uganda, BOSCO ilianza mwaka 2007 chini ya Jimbo Kuu Katoliki la Gulu, ikiwaunganisha kwa umeme wa jua na mawimbi ya masafa marefu watu waliokuwa kambini kwa sababu ya vita. Nairobi, vijana wa Tunapanda walijenga mtandao unaounganisha shule na vituo vya vijana katika Kibera. Kongo, kisiwa cha Idjwi katikati ya Ziwa Kivu kina Pamoja Net. Nchini mwetu, Bunda na Serengeti walijaribiwa mpango wa teknolojia kwa maendeleo ya vijijini, COSTECH ikishirikiana na chuo cha KTH cha Sweden.

Mfano ulio karibu zaidi na Singida ni Kondoa, wilaya ya mkoa jirani wa Dodoma. Mtandao wa jumuiya wa Kondoa ulisimamishwa na tawi la Tanzania la Internet Society pamoja na wanataaluma wa Chuo Kikuu cha Dodoma, Jabhera Matogoro akiwa miongoni mwao, kwa ruhusa ya TCRA, na ukaanza kwa kuunganisha taasisi za elimu. Mwaka 2019 mkutano wa mitandao ya jumuiya ya Afrika, ambao miaka ya awali ulifanyika Nairobi, ulifanyika Dodoma.

Kondoa ilitumia masafa yaliyo wazi katika mawimbi ya televisheni. Televisheni ya analojia ilianza kuzimwa nchini tarehe 31 Desemba 2012, na hata baada ya dijitali kuingia, vijijini kuna chaneli nyingi ambazo hakuna kituo kinachozitumia. Mawimbi hayo yana sifa njema kwa nchi yetu: hupenya miti na kuzunguka vilima kwa namna ambayo mawimbi ya ruta za kawaida hayawezi. Mwenye kuujua mteremko wa Sekenke na majabali ya Singida mjini ataelewa uzito wa sifa hiyo.

Teknolojia hii, kwa utaratibu wake wa kawaida, inategemea kupeana taarifa za nodi. Kabla ya kurusha wimbi, kifaa huieleza hifadhidata mahali kilipo na kuuliza chaneli zipi ziko huru hapo. Hujibiwa, ndipo huanza kusema. Hifadhidata isiyojua vituo vilivyopo itatoa jibu la uongo, na matokeo yake ni kuharibu matangazo ya watu wengine. Kwa hiyo siku wananchi wa Ikungi au Iramba watakapojenga mtandao wao na kutaka kushikana mkono na Kondoa, swali la kwanza halitakuwa la bei ya antena. Litakuwa: daftari la vituo liko wapi, limeandikwaje, na nani ana ufunguo?

Hofu ya orodha

Wapo watakaoniambia kwamba wananchi wetu wana sababu ya kuogopa orodha. Nakubaliana nao. Amri ya Wajerumani ya mwaka 1897 ilileta kodi ya vibanda, na ili kodi itozwe ilibidi vibanda vihesabiwe. Hesabu ya nyumba, ambayo ingeweza kusaidia kugawa chakula wakati wa njaa, ilikuja na akida na viboko. Babu zetu walijifunza kwamba anayekuhesabu anaweza kukudai.

Taarifa za nodi zina hatari ya namna hiyo. Ramani inayoonyesha antena juu ya kila paa humwonyesha mwizi pa kwenda. Huonyesha nyumba ya nani imewasha intaneti saa ngapi. Serikali isiyopenda maneno ya kijiji fulani huonyeshwa ni swichi ipi ya kuzima kwanza, na kampuni kubwa huonyeshwa mahali ambapo wanyonge wamekwisha kulithibitisha soko. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 imetupa msingi wa kudai kwamba taarifa za mtu zitumike kwa lile tu lililomfanya azitoe, lakini sheria haijilindi yenyewe.

Hata hivyo, kuficha kila kitu si ulinzi. Kinyangiri haikunusurika kwa kuwa haikuwa na orodha. Ilipoteza reli ikiwa imeorodheshwa vizuri na wengine. Nodi zetu zitajulikana tu, kwa sababu wimbi likisharushwa hewani mwenye kipimo hulisikia. Watakaozijua kwa hakika ni wenye mitambo na madaraka. Watakaobaki gizani ni majirani, ndio hasa waliohitaji kujua. Orodha isiyo mikononi mwa wanajumuiya itaandikwa na mtu mwingine kwa ajili ya shabaha zake.

Tufanye nini

Napendekeza tufuate njia ya mafaili mengi yenye mpangilio mmoja. Kila mtandao wa jumuiya, uwe Kondoa, Sengerema au utakaoanzishwa Manyoni, utunze daftari lake wenyewe. Ila vichwa vya safu viwe vilevile kwa wote, kwa Kiswahili kinachosomeka na mtu wa kawaida na kwa umbo ambalo kompyuta inaweza kulikusanya. Kazi ya kukubaliana juu ya vichwa hivyo ni ya siku chache tu ikifanywa sasa, mitandao ingali michache. Baada ya kila mmoja kuzoea mpangilio wake, itakuwa ya miaka.

Daftari hilo liwe na kurasa mbili. Ukurasa wa wazi ueleze nodi za taasisi za umma, chaneli, fungu la anwani na viungo kati ya mtandao na mtandao. Ukurasa wa ndani ubaki kwa wanajumuiya: nodi za majumbani, majina na simu za watu. Nyumba ikionyeshwa kwenye ramani ya wazi, ionyeshwe kwa kitongoji, si kwa paa. Kinachotolewa nje kiamuliwe na mkutano wa wanachama, na kiandikwe kwenye muhtasari kama maamuzi mengine.

Nakala za orodha ya pamoja zitunzwe mahali zaidi ya pamoja. Dodoma kuna Chuo Kikuu. Singida kuna tawi la Chuo cha Uhasibu Tanzania na kuna VETA, na vijana wa huko wanaweza kujifunza kutunza nakala huku wakijifunza kupandisha milingoti. TCRA nayo inaweza kuitazama orodha ya wazi kama msaada wa kupunguza migongano ya masafa, na kwa upande wake kuiwekea mitandao hii masharti na ada zinazolingana na udogo wake. Kenya ilitoa mwongozo wake wa leseni za mitandao ya jumuiya mwaka 2021. Si aibu kusoma daftari la jirani.

Sidai kwamba faili la maandishi litaleta walimu, madawati au mvua Singida. Mkoa wenye watu zaidi ya milioni 2 una mahitaji mengi, na wapo watakaosema intaneti ni ya mwisho. Ninachosema ni kwamba mitandao itakuja tu, kama ilivyokuja simu ya waya, reli na mkongo, na kila mara swali la nani anashika orodha ya vituo hujibiwa mapema na kimyakimya, kabla wananchi hawajajua kwamba limeulizwa. Safari hii mafundi wenyewe ni watoto wetu, vifaa vinauzwa madukani, na daftari bado ni tupu. Tuliandike sisi, na tulisomeane njiani.

Naomba kuwasilisha.